Kutembea milimani bila gari: Lushoto, Uluguru, Udzungwa na kwingine kwa basi la kawaida



Kuna maneno yamezoeleka hapa mjini kwamba kwenda kutembea milimani ni mambo ya wazungu na watu wenye Land Cruiser. Mwambie mtu unakwenda Usambara wikiendi, swali la kwanza atakalokuuliza: "Utaenda na gari ya nani?" Gari ya konda, ndugu yangu. Milima yetu karibu yote mizuri ina watu wanaoishi huko juu tangu enzi za mababu. Watu hao wana kabichi, ndizi, maharage na wagonjwa wa kushusha mjini, kwa hiyo usafiri upo. Na pale usafiri unapoishia pana njia ya miguu iliyokanyagwa vizuri, kwa sababu waliobaki wote wanatembea.

Hapa nimekusanya sehemu ambazo mwanafunzi au kijana asiye na gari anaweza kufika kwa basi, akatembea, akarudi. Nyingi nimezihesabu kutokea Dar, ila wa Moshi na Nairobi nao wamo. Iprinti hapo hapo kafe ukitaka, ni karatasi chache tu.

BASI LA KIJIJINI LINALALA KIJIJINI

Usiruke sehemu hii, maana wengi wanaokwama wanakwama hapa.

Basi la mlimani halikupangwa kwa ajili yako. Limepangwa kwa ajili ya mama anayeshuka sokoni na mzee anayekwenda hospitali ya wilaya. Linaondoka kijijini alfajiri, mara nyingi kabla hata jogoo hajawika vizuri. Linafika mjini asubuhi, linashinda stendi likisubiri abiria wake wamalize shughuli, halafu mchana linapakia kurudi juu. Dereva na konda wanalala huko huko kijijini.

Wewe wa mjini unataka kinyume chake kabisa: kupanda asubuhi na kushuka jioni. Kwa hiyo ukilifuata basi la kijijini kwa hesabu za "naenda na kurudi leo leo", utafika juu saa 10 au 11 jioni, jua linazama, na gari la kukurudisha litatoka kesho alfajiri. Huku kwetu giza haliji polepole. Saa 12 na nusu jioni bado unaona njia, saa moja huoni mkono wako. Ukiwa peke yako, huna kitanda wala mwenyeji, na simu ina asilimia nane, hapo ndipo mtu anaanza kukubali bei yoyote ya bodaboda kwenye barabara ya udongo yenye makorongo.

Kutoka humo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua sehemu ambayo mlima unaanzia mjini penyewe, yaani unashuka stendi na kuanza kupanda kwa miguu (Lushoto na Morogoro ziko hivyo). Ya pili ni kukubali ratiba ya kijiji: unapanda na basi la mchana, unalala juu, unatembea kesho yake, na keshokutwa alfajiri unashuka na basi lile lile. Ya tatu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu mpaka barabara kubwa, ambako magari yanapita kutwa nzima. Mwenye gari binafsi hawezi kufanya hivyo, kwa sababu lazima arudi alipoliacha. Wewe usiye na gari huna cha kurudia.

Kwa hiyo siku zote anza hesabu mwisho. Ukishuka tu stendi, kabla hata ya chai, uliza: gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi? Waulize watu wawili, na mmoja wao asiwe mpiga debe. Mama muuza chapati ndiye bingwa, anawajua madereva wote kwa majina.

LUSHOTO

Kama hujawahi kabisa, anzia hapa. Kutoka Dar unapanda basi la moja kwa moja la Lushoto asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis (ndiyo iliyochukua nafasi ya Ubungo tangu 2021). Ukilikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha linalopitia Segera na Korogwe, mwambie konda akushushe Mombo. Pale njia panda Noah na Kosta za Lushoto hazikosekani mchana kutwa. Ni kilomita 33 hivi za kona tupu, korongo upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili. Katikati unapita Soni, yenye maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani. Kama tumbo lako ni la kuchafuka, kaa siti ya mbele na usiguse simu.

Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kupumzikia joto la pwani, ndiyo maana utaona nyumba za zamani zenye mabati mekundu na miti ya kigeni barabarani. Juni mpaka Agosti ni baridi ya kweli. Mtoto wa Temeke, beba sweta. Usiseme hukuambiwa.

Matembezi ya kwanza ni Irente. Unatoka mjini kwa miguu, kilomita kama sita kwenda, unapita kwenye mashamba na nyumba za watu, halafu ghafla ardhi inaisha. Umesimama kwenye ukingo wa mwamba na chini yako, karibu mita elfu moja, ni tambarare ya Mazinde: mashamba ya mkonge, reli, na barabara kuu ya Arusha yenye mabasi madogo kama visoda. Hakuna picha inayoweza kuileta ile hali. Huwa kuna kiingilio kidogo, na njiani kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalouza mkate, jamu na jibini wanayotengeneza wenyewe. Kwenda na kurudi polepole, pamoja na kula, weka masaa matano. Ukitoka mjini saa 2 asubuhi, saa 7 au 8 umerudi na hujasumbuka na gari la mtu.

Matembezi ya pili ni msitu wa Magamba. Panda gari linalokwenda Lukozi, shuka Magamba, dakika chache tu kutoka mjini. Huu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2010, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo unalipia na kuchukua mwongozaji kwenye ofisi yao. Ni msitu wa mlimani wenye unyevu, miti mikubwa imevaa ndevu za kuvu, na mbega weusi kwa weupe wanaruka juu. Kurudi mjini unaweza kushuka kwa miguu barabara ile ile, mteremko mtupu.

Halafu kuna ile safari ndefu, Lushoto mpaka Mtae. Watu wanaitembea kwa siku tatu mpaka tano, wakipita Magamba, Lukozi na Rangwi, wakilala gesti au kwa masista. Mtae ni kijiji kilichokaa mwisho kabisa wa mlima, kama mtu aliyekaa kwenye kona ya meza. Unaona nyika ya Mkomazi chini na milima ya Pare mbele. Na hapo ndipo kanuni ya basi inakufaa: umefika kwa miguu, umelala, basi la alfajiri linakushusha Lushoto kwa masaa machache njia uliyoitembea siku nne. Kata tiketi jioni kwa konda, naye umwambie unalala wapi. Mara nyingi watapiga honi hadi uamke.

Tahadhari moja: mvua zikiwa kubwa, barabara ya Mombo kwenda Soni huwa inapata maporomoko ya udongo na mawe. Ikifungika imefungika. Masika, yaani Machi mpaka Mei, usipange kurudi Jumapili jioni wakati una mtihani Jumatatu asubuhi.

MOROGORO NA ULUGURU

Ukitoka Dar huu ndio mlima wa karibu kuliko yote mikubwa, na siku hizi una usafiri wa namna mbili. Mabasi ya Morogoro yanaondoka kila mara na yanashusha Msamvu. Na tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme ya SGR. Ilipoanza, nauli ya treni ya kawaida Dar mpaka Morogoro ilikuwa sh. 13,000. Uzuri wa treni ni kwamba muda wake unaeleweka, hata safari ya siku moja kutoka Dar inawezekana ukiamka mapema. Ubaya wake ni tiketi za wikiendi kuisha, na stesheni iko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo hesabu na daladala.

Mlima unaanzia mjini, mgongoni kabisa mwa ofisi za serikali upande wa Boma. Matembezi maarufu ni Morningside, nyumba ya mapumziko waliyojenga Wajerumani huko juu. Barabara ya zamani bado ipo ingawa kwa gari ndogo usijaribu. Kwa miguu ni masaa mawili mpaka matatu ya kupanda, na mashamba ya Waluguru yanakusindikiza njia nzima: migomba, maharage, mboga, na maji yanayotiririka kando. Utakutana na akina mama wakishuka na mikungu ya ndizi kichwani, mwendo ambao wewe na raba zako mpya huuwezi. Adabu ya njia ni rahisi: mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Wewe simama pembeni, salimia, acha apite.

Juu zaidi ni kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,100, chenye minara ya mawasiliano. Huko ni ndani ya hifadhi ya Uluguru (hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008), unahitaji kibali cha TFS na mwongozaji, na ni shughuli ya kutwa nzima. Mawingu huja kabla ya adhuhuri, kwa hiyo anayetaka kuona mbali anaondoka giza giza. Minara ile usiipige picha bila kuuliza wanaoilinda.

Msitu huu unakuhusu hata kama hutaki kutembea. Maji ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar tunayanywa na kuyaogea, chanzo chake kiko Uluguru. Ukipanda pale unaona kwa macho mahali shamba linapokutana na msitu, na unaelewa haraka kwa nini mzozo wa nani alime wapi hauishi. Na si wa leo. Mwaka 1955 Waluguru walikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta kwa lazima, kukawa na vurugu kubwa. Muulize mzee yeyote njiani (anza na shikamoo), wengi wamesimuliwa na wazazi wao.

Anayetaka vijiji vya mbali zaidi, kuna Mgeta upande wa magharibi, kunakotoka kabichi na karoti nyingi za masoko ya mjini, na Kinole upande wa mashariki, kwenye ndizi na viungo. Huko kanuni ya basi la kijijini inarudi kwa nguvu zote: panda mchana, lala, shuka alfajiri. Upande wa mashariki mvua ni nyingi mno hata miezi ambayo Morogoro mjini vumbi linatimka, na utelezi wake si wa mchezo.

UDZUNGWA: MBUGA ISIYO NA BARABARA

Hapa ndipo mwenye gari na asiye na gari wanakuwa sawa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992 na ndani hakuna barabara za kuzungukia. Hata akija waziri, anatembea. Ndiyo maana nawashangaa watu wanaosema hifadhi za taifa ni za wenye magari tu.

Makao makuu yako Mang'ula, pembeni ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Kutoka Dar panda basi la Ifakara au Mahenge, mwambie konda Mang'ula, lango la hifadhi. Ukipita Mikumi kaa dirishani, uwe macho: barabara kuu inakata hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na tembo, twiga na pundamilia wanaonekana bila kulipa hata mia. Ndiyo safari ya wanyama ya bei rahisi kuliko zote nchini. Baada ya hapo ni mashamba ya miwa ya Kilombero mpaka macho yachoke.

Kivutio kikubwa ni maporomoko ya Sanje, mita 170 kwa ngazi tatu. Unajiandikisha na kulipa kwanza Mang'ula, unapewa mwongozaji, halafu mnakwenda kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 kurudi nyuma barabarani, kwa daladala au basi lolote linalopita. Kupanda na kushuka ni masaa manne hivi, na katikati unaoga chini ya maji baridi mpaka meno yagongane. Msituni kuna nyani wawili wasiopatikana mahali pengine popote nje ya milima hii: mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua 1979 tu, na mbega mwekundu wa huko. Asiye na nguvu ya Sanje kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard karibu na lango, unakwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana kulinganisha na mgeni, ila lazima uthibitishe: beba kitambulisho cha NIDA, au cha mpiga kura, au cha chuo. Na usiende na noti mkononi ukidhani utalipa dirishani. Malipo ya TANAPA ni kwa namba ya malipo au kadi, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu kabla hujafika.

Fika Mang'ula jioni, lala gesti, tembea kesho yake asubuhi. Ukifika saa 8 mchana ukataka kupanda Sanje siku hiyo hiyo watakukatalia, na wako sahihi.

AMANI, KWA ASIYE NA HARAKA

Amani iko Usambara Mashariki, hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini (1997). Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo 1902, na miti waliyoleta kutoka dunia nzima bado imesimama. Kutoka huku Tanga pia ndiko lilikotoka lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo Ulaya wanaliweka madirishani. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelituma kwao miaka ya 1890, likaitwa kwa jina lake. Wasambaa waliokuwa wakipita kando yake kila siku hakuna aliyewauliza wanaliitaje.

Usafiri: shuka Muheza, kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga. Kutoka Muheza basi la Amani hupanda mchana, kawaida mida ya saa 8, na kurudi asubuhi saa 12. Kwa hiyo mpango mzuri ni Ijumaa kupanda, Jumamosi kutwa kutembea, Jumapili alfajiri kushuka. Usiku mbili. Anayekwenda kwa usiku mmoja anaona basi tu. Njia za miguu ziko nyingi na zimewekwa alama, kati ya chai, iliki na msitu mzito. Ukikanyaga majani usiku uwe na tochi, vinyonga na vyura wa kule ni wengi na wana sheria zao.

KWA HARAKA HARAKA

Wa Moshi mna bahati, daladala zinafika karibu na kila bonde. Za Marangu zinashusha Marangu Mtoni, na maporomoko ya Kinukamori ni mwendo mfupi kutoka pale. Materuni, upande wa Uru, ina maporomoko makubwa zaidi na kahawa ya kutwanga mwenyewe. Anayetaka kuugusa Kilimanjaro bila kupanda wiki nzima, kuna safari ya siku moja kutoka lango la Marangu mpaka Mandara, mita 2,700 na ushee. Lazima uwe na mwongozaji na ulipie hifadhi, na uwe langoni asubuhi mapema.

Wa Dar wenye nusu siku: Pugu na Kazimzumbwi, msitu ulio njiani kwenda Kisarawe. Daladala za Kisarawe zinakupitisha Gongo la Mboto na kukufikisha. Si mlima, ni vilima. Lakini kuna kivuli, ndege, na mahandaki ya zamani ya udongo wa kaolini yaliyojaa popo. Jilipie kwa TFS na usiingie mahandakini bila mwenyeji.

Wadau wa Nairobi mnajua matatu ya 111 mpaka Ngong. Kosa la wengi wenu ni kufika mlimani na kurudi njia ile ile. Vuka vilima vyote mpaka Kona Baridi, utoke barabara ya Magadi, uchukue matatu ya Kiserian na kurudi mjini. Kilele cha Lamwia ni mita 2,460 na upepo wake ndio unaozungusha ile mitambo ya umeme. Nendeni kundi, na lipieni askari wa misitu awasindikize, kwa sababu watu wameibiwa pale. Longonot nayo, mita 2,776, inafikika kwa matatu ya Naivasha inayopita Mai Mahiu: shuka kituo cha Longonot, tembea au chukua boda mpaka lango. Kuzunguka mdomo wa volkano ni kilomita 7 na kidogo, mbali na kupanda kwenyewe. Malipo ya KWS ni kwa eCitizen, fanya ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri.

MAMBO YA NAULI, VIATU NA USALAMA

Nauli za mabasi ya mikoani zina viwango vya LATRA, kwa hiyo mpiga debe akikutajia bei ya sikukuu mwambie akukatie tiketi yenye maandishi. Magari ya vijijini ni mapatano zaidi. Angalia mwenyeji anatoa ngapi, toa hiyo hiyo kimya kimya. Desemba, wakati Wachaga wote wanarudi nyumbani, barabara ya kaskazini isahau kabisa kama hukukata mapema.

Mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu 2023. Kuna wanaosafiri Ijumaa usiku ili Jumamosi asubuhi wawe mlimani. Inawezekana, lakini mtu asiyelala akipanda Bondwa ni mzigo kwa wenzake. Mimi nashauri ulale gesti ya bei ndogo uliyofikia, uanze mapema na akili yako.

Viatu: raba yoyote yenye meno chini inatosha. Wenyeji wanapanda na yeboyebo mwaka mzima, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima buti za laki mbili. Kilicho muhimu kweli ni maji lita mbili, koti la mvua au hata mfuko mkubwa wa plastiki uliotobolewa kichwa, tochi (ya simu ni akiba tu), na chenji. Huko juu ukitoa noti ya elfu kumi kwa ndizi za mia tano unawapa watu kazi.

Mwongozaji. Sehemu za hifadhi ni lazima. Vijijini si lazima kila mahali, lakini nakushauri umchukue, hasa safari ya kwanza, kwa sababu njia za shamba zinagawanyika kila baada ya hatua mia na hazina vibao. Kubaliana bei kabla hamjaondoka, na useme wazi kama ni ya kundi zima au kwa kila kichwa. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Ukilala kijijini pitia ofisi ya serikali ya kijiji ujitambulishe. Dakika tano tu, na kuanzia hapo ukipotea kuna anayejua jina lako.

Akina dada, wengi mmekuwa mkiuliza kama ni salama. Vijiji vyenyewe kwa kawaida ni vya watu wa heshima. Sehemu ya kuwa macho zaidi ni pale pembezoni mwa mji, kati ya nyumba za mwisho na shamba la kwanza, ambako wahuni wa mjini wanajua wageni wanapita na simu mkononi. Pita pale mapema, wawili au zaidi, simu mfukoni. Na mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji, la gesti, na saa unayotegemea kurudi barabarani.

Na boda? Zipo kila mahali na zitakufuata: "Dada, Irente nakupeleka fasta!" Ukipanda boda kwenda basi umekwenda kupiga picha, si kutembea. Lakini kama saa 11 jioni imekukuta bado mbali na barabara kubwa, acha ubishi, panda.

Ratiba za magari ya vijijini hubadilika, hasa mvua zikiharibu barabara au gari moja likiwa gereji. Mlioko Mtae, Amani, Mgeta na Kinole, basi lenu likibadilisha saa andikeni hapo chini kwenye maoni, pamoja na tarehe, ili anayesoma wiki ijayo asije akalala stendi.